Mjomba Kanitafutia Kazi ya Mvua, Mimi Nataka Nyota

Mpendwa Shangazi wa Gazeti,

Shikamoo. Naomba unishike mkono, maana nimefika njia panda na miguu yote miwili inataka kwenda upande mmoja, ila kichwa kinamwogopa mama. Nimesoma fizikia ya nyota, watu wakisikia hivyo wananipa pole kama niliyefiwa, na sasa nina kazi ya mkataba kwenye kituo cha darubini huko mlimani, mbali na taa za mji, ambako napima mwanga wa nyota kwa kompyuta, kwa sababu sayari ikipita mbele ya nyota yake mwanga hupungua kidogo sana, na huko kupungua ndiko tunakokuwinda.

Mwaka jana nikaona mwanga umepungua, Shangazi, nikapiga kelele hadi mlinzi akaja mbio, tukachemsha chai ya sherehe, nikampigia mama simu nikilia kwa furaha, kumbe fundi alipopanda kusafisha darubini akakuta buibui kafuma utando mbele ya kamera, yaani sayari yangu ilikuwa na miguu minane. Mjomba, kaka yake mama, alicheka hadi akashika ukuta, na tangu siku hiyo nyumbani naitwa Profesa Buibui. Sikukata tamaa, nikajifunza kukagua kwanza kila kitu, vumbi, wingu, wadudu, na mwezi uliopita nikaona tena, kwenye nyota nyingine, nikafunga mdomo, nikakagua, nikawaomba wenzetu wa kituo cha nchi nyingine waangalie kwa darubini yao, nao wakaiona, Shangazi, ipo, ni sayari kweli, hakuna binadamu aliyeijua kabla yetu, na mkuu wa kituo amenipa kazi ya kudumu, yenye mshahara wa kila mwezi na bima ya matibabu, anataka jibu Jumatatu.

Jumatatu hiyohiyo nina usaili ofisi ya hali ya hewa. Mjomba ndiye aliyenitafutia nafasi. Anasema, "Si unapenda mambo ya angani? Basi hiyo ndiyo anga yenye faida, utatuambia lini tuanike nguo." Mama ni fundi cherehani, kanilea peke yake, na tayari kanishonea suti ya usaili. Nilipomweleza habari za sayari alikuwa na pini mdomoni, akazitoa, akauliza, "Iko upande gani?" Nikamwonyesha dirishani, akatazama, kisha akarudi kwenye cherehani yake akasema, "Mwanangu, nyota zipo tangu enzi za Adamu, zitakusubiri. Kazi haisubiri." Nimwambieje bila kumvunja moyo? Au niende tu kwenye usaili nimridhishe, halafu nijifelishe kwa makusudi?

Wako,
Profesa Buibui

JIBU

Marahaba, Profesa, na hongera! Habari ya sayari yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini, mhariri akaacha simu yake ikiita. Hata mimi, ambaye nyota pekee ninayoijua ni jua, nimepiga vigelegele.

Sasa nikukaripie kidogo, ndiyo kazi yangu. Hukuandika kuniuliza uchague kazi ipi. Umeshachagua. Sayari umeieleza bila kumeza mate, usaili umeutaja kama siku ya kung'oa jino. Unachotafuta ni namna ya kukwepa macho ya mama yako, na hiyo ya kwenda kujifelisha ni aibu tupu. Mjomba amekuombea nafasi kwa jina lake. Utamwaibisha, na mama atabaki akiamini mwanawe ameshindwa na mvua.

Halafu wewe unayeona mwanga ukipungua huko kusikofikika, cha hapo dirishani hukukiona. Binti yangu, mtu asiyeamini haulizi iko upande gani! Mama yako hana ugomvi na nyota, ana hofu na njaa, kwa sababu anajua ulivyo mwezi usio na wateja. Kwa hiyo usimweleze uzuri wa sayari. Mwambie kazi ni ya kudumu, ina mshahara kila mwezi na bima ya matibabu. Kisha mpandishe mlimani akaone meza yako na kiti chako, aguse darubini kwa mkono wake. Macho yanayotunga uzi kwenye sindano hayatashindwa kuona nyota.

Basi fanya hivi. Leo, si kesho, mwandikie mkuu wa kituo kwamba umekubali. Jioni mwambie mama, mkiwa wawili tu, na usianze na "nilikuwa nafikiria". Atanuna. Mwache anune, mama akinuna bado atakuuliza kama umekula. Ile suti ivae siku ya kwanza kazini, jasho lake lisipotee bure.

Mjomba nenda kwake mwenyewe, usimtumie ujumbe wa simu. Amehangaika kwa ajili yako, na mjomba asiyekutania ni jirani tu. Mshukuru kwa heshima zote, umwombe arudishe nafasi ile kabla ya Jumatatu. Maana mahali fulani yupo kijana anayependa mawingu kama wewe unavyopenda nyota, na ndugu zake wanamcheka vilevile. Hicho ni kiti chake ulichokikalia. Inuka.