Kapu la Bahadur

Sanyuanli, Guangzhou,
4 Machi 2007

Mdogo wangu mpendwa Zainabu,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, na mama magoti yake yanaendeleaje? Mimi mzima, ila mapaja yananiuma mpaka ngazi nazishuka kinyumenyume.

Barua yako nimeipata. Unauliza kama umwondoe Gharib, mpagazi wetu wa dukani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekutia wasiwasi: mtu gani huyo anafika kabla duka halijafunguliwa na kung'ang'ania kubeba kila robota peke yake? Nitakujibu. Kwanza nikupe habari za safari.

Mwaka mpya wa Kichina maduka yalifungwa, na viwanda vya jinzi vya Xintang navyo kimya. Maulida, binti wa mjomba anayesoma hapa, akanishawishi twende Nepali na wanafunzi wenzake kutembea milimani. Kutembea kwa miguu, eti ndiyo starehe! Hapo hapo nilishuku.

Siku ya kwanza tulianzia kijijini, tukalale kambini huko juu. Wapagazi wakagawana mizigo. Mmoja, mzee mwembamba aitwaye Bahadur, mwenye kapu mgongoni na mkanda wake kwenye paji la uso, akashika begi langu. Nikalivuta. Akatabasamu, akalishika tena. Nikamfokea kwa Kichina cha sokoni, "Buyao! Buyao!" yaani sitaki.

"Da Shamsia, mpe tu, hapa si Sanyuanli," akasema Maulida.

Ndiyo kwanza nikalikumbatia. Unamjua yule aliyejitolea kunibebea robota la sampuli nje ya stesheni; mpaka leo sijamwona.

Basi nikapanda na begi langu, ngazi za mawe zisizo na mwisho. Wapagazi wengine wakatuacha mbali, pamoja na mizigo yao. Bahadur peke yake akabaki nyuma yangu na kapu lake tupu. Nikisimama, naye anasimama. Pasipoti nikaihamishia kifuani. Mara mbili akaniita. Sikugeuka, nikakaza mwendo japo pumzi zilikuwa zimeniishia.

Alasiri tukafika. Mkuu wa wapagazi akachungulia kapu la Bahadur, akamkemea. Maulida akauliza kwa Kiingereza, kisha akanieleza: anayefika bila mzigo hana kazi, anarudi kwao leo leo. Nikatoa begi langu, nikamsihi yule mkuu, wapi! Na mle kapuni mlikuwa na kitu kimoja tu, mtandio wangu wa kijani, ambao sikujua hata kama ulidondoka. Mzee akanikabidhi, ameukunja vizuri, akashika njia kushuka.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtandio ule sijauvaa tena.

Sasa jibu lako. Gharib usimguse. Na kama umeshamwondoa, ukimaliza kusoma hapa vaa buibui, umfuate kwao. Ndiyo maana nimempa Abdulsamad barua hii mkononi, anasafiri kesho kuja huko, ikufikie upesi.

Nisalimie mama, shangazi Zulekha na, kama bado yupo, Gharib. Mungu awatunze nyote na aniepushe na ubaya wa dhana zangu.

Dada yako akupendaye,
Shamsia