Kijito cha Mama Hoza

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Mimi mzima. Huku Vuga ukungu haujaondoka tangu Jumapili. Tangu bibi yako atutoke, mkono wangu bado unasonga ugali wa watu wawili.

Unaniuliza, daktari wangu, katika upasuaji utaubanaje mshipa uliovimba ndani ya kichwa cha mgonjwa usije ukapasuka, wakati vimishipa vidogo vya pembeni havifanani kwa watu wawili, wala havifuati kitabu. Kichwa sikijui. Ninachokijua ni mifereji ya kumwagilia mashamba.

Ujanani nilitumwa kuziba ukingo wa mfereji uliokaribia kupasuka. Pembeni yake kilitoka kijito chembamba kama kidole. Mifereji yetu mingine haikuwa na kijito kama hicho, nikadhani maji yanavuja tu, nikakiziba pia kwa tope na kipande cha mgomba. Baada ya siku chache akaja Mama Hoza, mjane wa bondeni, ameshika miche ya maharage iliyokauka kwa kukosa maji. Hakufoka. Alisema tu, "Ungeyafuata maji mpaka yanapoishia, ungenikuta."

Tangu siku hiyo sizibi kitu kabla sijakifuata kwa miguu. Wewe kila kimshipa kifuate kwa macho, taratibu, kabla hujabana.

Mwisho wa kijito kuna mtu, Neema. Na mwisho wa njia ya Vuga niko mimi.

Babu yako