Ubao wa Mgongoni mwa Kabati

S.L.P. 318
Tarehe 4 Machi

Mpendwa Shemeji,

Pokea salamu zetu. U hali gani, na bibi harusi wako, na hicho kifua kinachokukohoza kila baridi ikiingia? Sisi wazima wa mwili. Mwanetu Mapengo ameshaota meno yote, lakini jina limemganda.

Moyo ndio hauna raha. Yule muuza mbao amempeleka kaka yako mahakamani, anataka atangazwe mufilisi kwa deni la mbao za milango ya shule. Akitangazwa, karakana inafungwa na mashine zinauzwa. Tangu karani wa mahakama alete karatasi, kaka yako anawasha msumeno, anauzima, anakaa. Naogopa hata kumwuliza atakula nini.

Wakili anasema deni tusilikane, ila nasi tumdai. Mbao zake zilikuwa mbichi, milango yote ikapinda, kaka yako akaitengeneza upya kwa mbao za kununua kwingine. Hasara hiyo inazidi deni lenyewe. Tukithibitisha, ombi lake huenda likatupwa. Lakini hakimu hataki maneno matupu.

Ushahidi upo, na hapo ndipo pa kucheka au kulia. Siku mbao zinashushwa, kaka yako aligoma kuzipokea mpaka mwenyewe aandike kwamba ni mbichi na zikipinda atalipa. Unamjua, daftari hana, kila kitu anaandika kwenye mbao. Basi muuza mbao akashika penseli ya fundi, akaandika kwenye ubao na kutia sahihi. Ulipooa mwaka jana, mbao zikapungua, bwana mkubwa akauchukua uleule akaupigilia mgongoni mwa kabati alilokuwa akikutengenezea! Namwuliza, ananijibu, "Maandishi si niliyageuzia ndani? Nani angeyaona?"

Sasa toa nguo, mulika ndani. Usipitishe kitambaa. Kesi ni tarehe 19. Ung'oe ubao, uufunge kwenye blanketi, uje nao mwenyewe.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, tumemwambia yule karani alikuwa mteja. Msalimie bibi harusi, na Mungu aitunze nyumba yenu.

Akupendaye, ingawa leo kwa wasiwasi,
Shemeji yako

N.B. Najua mkono wako hautulii ukiona kopo la rangi. Kama kabati umeshalipaka mpaka ndani, niandikie mimi. Usimwandikie yeye.