Kidole Gumba cha Baba

Ubaruku, Jumapili, Juni 1978. Baridi kavu, upepo unanukia pumba za mpunga. Nina furaha mpaka mwandiko unayumba.

Tangu mwaka jana Baba alikuwa na baka jekundu chini ya ukucha wa kidole gumba, mkono wa kulia. Zahanati walidhani ni fangasi, wakampa dawa ya kupaka. Ukucha ukapasuka, ukawa unatoa maji. Tukaenda Mbeya. Wakasema huenda ni saratani ya ngozi, kidole kikatwe.

Baba akavaa kofia yake, akasimama. "Ng'ombe nitawakamua kwa meno?"

Tukapanda basi kurudi nyumbani. Mimi nililia kimyakimya, nimegeukia dirishani. Msukuma aliyeswaga ng'ombe kutoka Shinyanga mpaka huku kwetu Usangu, umwambie asikamue tena!

Nikamsihi tujaribu Iringa. Daktari wa kule aliung'oa ukucha, akakata kipande cha nyama, akakipeleka kupimwa. Majibu yakarudi: ni saratani kweli, ila changa, haijapita ngozi ya juu.

"Mzee, kidole hatukati," alisema. "Tutakwangua, halafu tuchome kwa sindano ya umeme. Huko ng'ambo wenzetu wanajaribu hata kutibu saratani ya ngozi kwa mwanga. Wanakupa dawa, kisha wanakumulika na taa."

"Kama mwanga unatibu," Baba akajibu, "jua la Usangu lingeniponya zamani."

Daktari alicheka hadi akavua miwani.

Nilimshika Baba bega wakati wa kuchomwa. Yeye ndiye aliyeniambia nifumbe macho.

Juzi tulirudi Iringa kuangaliwa. Kidonda kimefunga, ugonjwa hauonekani. Ukucha hautaota tena, na tumeambiwa tusiache kurudi kupimwa.

Na leo alfajiri nimemkuta zizini, amechuchumaa chini ya ng'ombe wetu Madoa, anakamua. Mwanzo maziwa yalimwagika pembeni, Madoa akarusha mkia. Baba akambembeleza kwa Kisukuma, akashika upya. Povu likapanda kwenye kibuyu.

"Mwalimu," akaniita, jina analonitania nalo tangu nianze kufundisha, "njoo uonje."

Nikanywa yakiwa bado ya moto. Tukacheka kama wendawazimu.

Sasa kaamua kumpelekea daktari ng'ombe mtamba wa shukrani. Nimemweleza kwamba daktari anakaa chumba kimoja, mjini. Hasikii.

Ni basi gani litakubali kumpakia mtamba mpaka Iringa?