Mkono wa Kushoto wa Sinyati

Baray, Karatu
30 Mei 2025

Kaka yangu Kimaren,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi Nanyokie na mama yetu, Yeyo, na goti la Yeyo liwe limepoa sasa mvua zinapokatika. Mifugo je? Nilisikia nyasi ni nzuri huko Endulen mwaka huu, nikafurahi. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako Emmanueli anashinda kwenye vitunguu kutwa nzima na anakusalimu. Mwanao Sinyati ni mzima, amerefuka mpaka sketi aliyoivaa Januari imeshapanda juu ya magoti.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Ninayo ya kusema ambayo kwenye simu ningeyakimbia, ningesingizia mtandao. Nimempa Mwinjilisti Lekoko aitangulize, maana Sinyati anafunga shule wiki ijayo na nataka uwe umeisoma kabla hajafika. Isome peke yako, tafadhali.

Mwezi Februari Mwalimu Mkuu wetu, Herbert, alituita ofisini akatuambia shule imeingizwa kwenye mradi. Vyuo vikuu viwili, kimoja cha hapa nchini na kingine cha ng'ambo, vimeungana kusaidia shule za vijijini na walimu wake, na mhadhiri mmoja angekuja kukaa nasi wiki mbili. Wenzangu walipiga makofi. Mimi machale yakanicheza. Kaka, nimefundisha miaka kumi na mmoja, wageni nawajua. Wa mwisho waliwapiga picha watoto wa darasa la kwanza wakiwa wamekaa sakafuni, wakagawa peremende, wakaondoka. Mwaka uliofuata Herbert aliikuta picha ile kwenye kalenda, imetundikwa katika hoteli moja mjini Karatu. Madawati hatujayaona mpaka leo. Na wewe huko juu huna haja ya kufundishwa na mimi habari za watu wanaokuja na makaratasi ya kuwahamisha.

Mhadhiri akaja, Dokta Margareth, mama wa makamo mwenye sauti ndogo. Kila alichofanya kilinitia wasiwasi. Angeweza kulala kwenye loji za watalii, yeye akapanga chumba kwa mama muuza maandazi. Tulimwekea kiti mbele, akaenda kujibana kwenye dawati la nyuma na watoto, daftari mapajani. Makande yetu alikula, akaomba aongezewe. Nikajiuliza, msomi gani huyu wa kuomba makande mara mbili? Nilipopita karibu yake nilichungulia lile daftari, na kila mara kiganja chake kilikuwa juu ya ukurasa. Nikamwambia Emmanueli kwamba yule si mhadhiri wala nini, ni mkaguzi, mthibiti ubora aliyejifunga khanga, na ripoti yake itanihamisha. Emmanueli alicheka, akasema siku moja nitamshuku hata kuku anayetaga.

Kilichonitisha zaidi ni swali lake la siku ya kwanza. Aliniomba nimwonyeshe watoto ambao hawajui kusoma. Hakutaka wanaojua, alitaka wasiojua. Nikamjibu kwamba darasa langu la tatu lina watoto hamsini na nane na wote wanasoma. Nilimkazia macho nikisema hivyo.

Halafu nikajipanga. Baada ya vipindi niliwabakiza watoto nikawafundisha jambo ambalo walimu wengi tunalijua ila hatulisemi. Nikiuliza swali, wote wanyooshe mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto. Mimi nachagua wa kulia tu. Kesho yake kila nilipouliza mikono hamsini na nane ilipanda, na kila niliyemsimamisha alisoma bila kukwama. Dokta Margareth aliandika, akaandika tena. Nilijiona mjanja kweli.

Ijumaa ya wiki ile aliomba afundishe yeye kipindi kimoja. Sikuwa na sababu ya kukataa, nikasimama mlangoni kumlinda. Alitoa kitabu chake cha hadithi, kipya kabisa, kinachohusu fisi na kisima, akauliza nani atasoma. Mikono yote juu. Akatembea polepole katikati ya madawati, akaipita ya kulia yote, akasimama mbele ya mkono wa kushoto. Ulikuwa wa Sinyati.

Hapa ndipo kalamu inapokuwa nzito. Unaikumbuka Krismasi. Sisi tulikuwa Mbulumbulu kwa wakwe, Sinyati akaja nyumbani na barua yangu. Ulikuwa umeshanipigia simu ukaniambia utampa yeye aisome mbele ya wazee, waione kazi ya shule kwa macho yao, kwa sababu mzee Sironka alikuwa anakucheka kwamba umepoteza mchungaji bure. Ukaniambia pia kwamba akishindwa, harudi tena Baray. Akasimama, akaisoma mpaka mwisho, na wewe ukampa ng'ombe, mtamba wa madoa mekundu, watu wote wakishuhudia. Uliponipigia kunieleza nilikusikia unavuta kamasi kwa furaha, ukasingizia moshi.

Basi siku hiyo Sinyati alikishika kitabu cha fisi kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaanza kusoma kwa sauti nzuri. Akasoma kwamba kaka yangu Kimaren, shikamoo, naomba barua hii ikukute mzima. Akaendelea hivyohivyo, Yeyo na goti lake, mvua za vuli, salamu za Emmanueli, mpaka jina langu mwishoni. Katikati aligeuza ukurasa, palepale nilipomfundisha kugeuza.

Barua ile hakuisoma, kaka. Nilimkaririsha mimi, siku tatu, sentensi kwa sentensi. Mwanao yuko darasa la tatu, anaishi na mwalimu, na alikuwa hawezi kusoma hata jina la shule ukutani. Nililijua hilo tangu mwaka jana. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ningemwita mzazi siku ileile, lakini wa nyumbani kwangu nilimficha, kwa aibu, na kwa kuogopa kwamba utamchukua. Nimekudanganya, na nimemfundisha yeye kukudanganya. Hili limeniuma miezi mitano. Nisamehe.

Dokta Margareth alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru. Mchana nilimfuata nikiwa na maneno yangu makali tayari. Sikuyatumia. Aliniambia amepita shule tisa akiomba kuonyeshwa watoto wasiojua, na kila mwalimu alibabaika. Mimi peke yangu nilikuwa nimewatenga, ishirini na watatu, tena wanajionyesha wenyewe. Akasema tuanze na hao. Nilidhani ananikejeli, na hata leo sina hakika. Lakini tangu Machi, kila saa tisa, nakaa nao kwenye ghala la zamani na kadi za silabi, na kila mwezi anakuja na wanafunzi wake wa chuo tunafundisha pamoja. Kumwamini kabisa bado, daftari lake sijaliona mpaka leo. Ila watoto kumi na wawili wameshamaliza kazi ya ghalani. Sinyati hajamaliza. Anasoma polepole, kidole chini ya kila neno, lakini sasa anasoma.

Nakuomba, akifika usimpe kitu asome mbele ya mzee Sironka. Kama una hasira, nipigie mimi. Na Julai mruhusu arudi. Nikimpoteza sasa sitajisamehe.

Msalimie sana wifi, mwambie khanga yake ninayo. Mpe Yeyo mkono wangu, umwambie dawa ya goti inakuja na Sinyati. Emmanueli anauliza kama utashuka mnadani mwezi ujao ili akuwekee gunia la vitunguu.

Ni mimi mdogo wako,
Nareyu

Nafasi hii ya chini nilimwachia Sinyati akusalimu. Barua hajaisoma na sikumwambia aandike nini. Kwa tabia yangu nilisimama nyuma yake nione ananakili wapi. Hakunakili popote. Imemchukua nusu saa.

Baba shikamoo. Ile barua sikusoma. Ng'ombe ni wako mpaka nisome.