Mapumziko ya Baba Isack Ufukweni

Mama Lucy, huku Uhispania tunapumzika sana. Tumepumzika mpaka tumejificha.

Leo Isack alitupeleka ufukweni tuonane na mkewe, Nuria, kwa mara ya kwanza. Nuria akatoka majini na vile vitambaa vyake viwili vya kuogelea, akanyoosha mikono amkumbatie baba mkwe.

Baba mkwe! Mume wangu, ambaye kwetu Bujonde hatazamani uso kwa uso na mke wa mwanawe!

Alikimbia, Mama Lucy. Mzee wa kanisa, mwenye goti bovu, alikimbia! Akajificha nyuma ya mwavuli wa mzungu tusiyemjua, akipaza sauti: "Mwambieni apite kwanza!"

Nuria akalia. Isack akanitafsiria: "Anasema baba amemkataa."

Nikaona ndoa ya mwanangu inazama mchana kweupe. Nikamjibu, "Mwambie kwetu mkwe hukimbiwa kwa heshima. Na aliyepaswa kukimbia ni yeye."

Nuria akafuta machozi. Akajitanda taulo tangu kichwani, akapiga magoti upande wa pili wa mwavuli, akatoa salamu aliyofundishwa na Isack: "Shikamoo, baba."

Kisha mwavuli ukajibu: "Marahaba, mwanangu. Umekula?"