Kitufe Kisicholia

Mjukuu wangu Aline,

Huku Nzahaha tunapumua. Nyanya yako anavuna maharage, anakusalimu. Unauliza kwa nini kitufe kimoja cha kinanda cha umeme nilichokupa hakilii. Vingine vikinyamaza, fungua, upanguse vipande vya mpira vilivyo chini ya vitufe kwa alkoli. Mafuta usitie!

Tuliporudi kutoka Kongo baada ya vita, kitufe hicho kimoja kilikuwa kimekufa kwa vumbi. Kwaya ya kanisa ikiimba nami nikipiga kinanda, kila nilipofika kwenye kitufe hicho, Maman Furaha, mjane asiyesema na muntu, aliitoa sauti ya kitufe kwa koo lake mwenyewe.

Nikakisafisha, kikalia. "Papa, umekiponya!" wanakwaya wakashangilia. Maman Furaha akaacha kuimba.

Jumapili iliyofuata nikaweka kikaratasi chini ya mpira wa kitufe hicho, kisilie tena. Maman Furaha akaimba tena.

Kikaratasi hicho utakikuta humo. Kabla hujakitoa, sikiliza kwanza kama hakuna anayeimba mahali pa sauti hiyo.

Babu yako